Mota Iliyosimama Kwenye Mvua

Kuanzia Aprili mpaka Oktoba ya mwaka 1953, Casimir alibeba barafu. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, kabla jua halijatoka juu ya Elisabethville, alisimama nyuma ya lori la bwana wake akapokea vipande virefu kama magogo, akavipanga, akavifunika kwa unga wa mbao na magunia, akashuka. Kisha Désiré alipanda mbele, akawasha, akaondoka kwenda Kasenga kuchukua samaki wa mto Luapula. Casimir alibaki uani, vidole vimekufa ganzi, akisikiliza jinsi gia zinavyobadilishwa kwa kulazimishwa.

Kwa miaka tisa usukani ule ulikuwa wake.

Aliupoteza kwa sababu ya mvua ya mwisho ya mwezi wa nne. Siku hiyo alikuwa anarudi kutoka Kasenga na tani mbili za samaki. Alipoipita Kasomeno, mvua ilimwagika kama pipa lililopinduliwa. Mota ya kufuta kioo, kitu kidogo cha ukubwa wa ngumi kilichofungwa ndani, juu ya kioo, mbele ya paji la uso la dereva, ilizungusha mkono wake mara kumi, mara ishirini. Halafu ikaanza kuchoka. Mkono ulipanda polepole, ukashuka polepole zaidi, ukasimama katikati ya kioo. Mota ile ilikuwa na kishikio kidogo cha kuisaidia kwa mkono. Casimir alikishika, akavuta, kilikuwa kizito. Akawa anavuta kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mwingine, na mbele yake hakuna njia tena, ni maji meupe tu. Lori likaacha barabara, likaingia mtaroni, likalala ubavu taratibu kama ng'ombe anayejilaza.

Hakufa mtu. Mpakiaji mmoja aliteguka bega. Lakini siku mbili zilipita kabla lori halijavutwa, barafu ikayeyuka yote, na samaki walizikwa pale pale kando ya njia.

Mwenye lori alikuwa Mgiriki mnene, mtu wa maneno machache, ambaye watu wa uani walimwita Bwana Barafu. Si kwamba moyo wake ulikuwa baridi kuliko mioyo ya mabwana wengine. Ni kwamba barafu ilikuwa maisha yake yote. Alimsikiliza Casimir mpaka mwisho. Kisha akamwita fundi wa Kizungu, jua likiwaka, kioo kikavu kama mfupa. Fundi akabonyeza swichi. Mkono ukacheza kushoto na kulia bila kusita.

"Iko muzuri kabisa," fundi alisema.

Basi ikawa hivyo. Neno la dereva mweusi lilipimwa kama samaki: likinuka kidogo, linatupwa lote. Ikasemwa Casimir alisinzia usukanini, au Casimir alikunywa. Hakufukuzwa. Alipewa barafu.

Hayo yote aliyabeba. Kitu kimoja kilimshinda. Jioni moja, wiki ya pili, Clotilde mke wake alikuwa anapepeta mchele mlangoni pa nyumba yao ya Kamalondo. Bila kuinua uso, alimwuliza kwa sauti ndogo, "Baba Virginie, haukulala hata kidogo tu?"

Casimir aliinuka. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Clotilde alijuta papo hapo, lakini swali likishatoka halirudi.

*

Mwezi wa kumi ukafika. Vumbi jekundu lilikuwa limepaka kila kitu, majani, mashati, hata sauti za watu. Mawingu yalianza kukusanyika kila alasiri na kutawanyika bila kutoa tone. Ijumaa moja Bwana Barafu alimwita Casimir ofisini.

"Mvua inakuja," alisema. "Weye unasema mota inasimama kwa mvua. Bon. Désiré ataendesha kwa mvua ya kwanza. Kama mota inasimama, ulisema kweli, nakurudishia usukani wa kamiyo. Kama haisimame, ulisema bongo, haikuwa kweli, na muntu wa bongo hawezi kukaa kwangu hata na barafu."

Casimir alitoka akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili alitembea mpaka nyumbani bila kuangalia chini. Alimweleza Clotilde kila kitu, akacheka mwenyewe. "Mvula moja tu, Mama Virginie. Mvula moja, na kila muntu atajua."

Clotilde aliweka sufuria chini. "Kwa hiyo unaombea nini?"

"Naombea mvula."

"Hapana. Unaombea Désiré aanguke mu mutaro." Alimtazama moja kwa moja. "Na juu ya magunia ya samaki kunakaaka bamama. Siku yako muntu aliteguka bega. Siku yake itakuwa nini?"

Casimir alikuwa hajawaza hilo, au alikuwa amelizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Désiré hakuwa rafiki yake. Kila asubuhi Désiré humwita yaya, kaka mkubwa, kwa mzaha, na kumwambia, "Yaya Casimir, barafu imekuzoea sasa, inakusalimia kwa jina!" na wapakiaji hucheka. Lakini Désiré alikuwa na mke, Adolphine, aliyeuza mawese sokoni, na mtoto ambaye bado hajaota meno.

"Nitaenda kwa Rigobert, apime mota kabla ya mvula," alisema mwishowe.

*

Rigobert alikuwa fundi wa umeme katika gereji moja ya mjini, na Jumamosi alasiri alitengeneza vitu vya watu: redio, pasi, feni, cherehani. Hakuna shule iliyomfundisha. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa juu ya mota, kisicho na jalada wala kurasa thelathini za mwanzo, na daftari ambamo aliandika kila alichokiona kwa macho yake. Watu walisema Rigobert ni mzito. Ukimletea feni iliyokufa, atakuuliza kwanza ilikufa siku gani.

Alimsikiliza Casimir, akafunga daftari, akachukua mfuko wake wa vifaa. Bwana Barafu alikuwa ameshakubali: lori halifanyi kazi Jumamosi, wafanye watakalo, mradi Jumatatu liwe zima.

Uani kulikuwa na joto la kuchoma nyayo. Rigobert hakufungua kitu. Alimwagia kioo maji kwa kopo, akabonyeza swichi. Mkono ukaanza kufuta, tak, tak, tak. Akamwagia tena. Akakaa juu ya kiti cha dereva akahesabu kimya. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mota haikuchoka.

Désiré alikuwa kivulini anatengeneza baiskeli yake. "Yaya!" aliita. "Mota yako inacheza rumba! Tuitafutie bibi?"

Wapakiaji wawili wakacheka. Casimir alianza kujiuliza kile ambacho hakuwahi kukubali kujiuliza: labda kweli alisinzia? Labda mtu anaweza kulala na kuota kwamba mota imesimama?

Rigobert alizima. "Casimir, kaa hapa. Ile siku, ilisimama namna gani? Mara moja, paa? Ao ilichoka?"

"Ilichoka. Kama muntu anapanda mulima."

"Bon. Kama ni umeme unakatika, inasimama paa. Kama inachoka, kuko kitu kinaishika." Akaandika. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi ya mangaribi. Karibu na kumi na moja."

"Jua lilikuwako?"

"Jua gani, Yaya? Giza. Baridi ilinipiga mpaka meno yanagongana. Nilivaa gunia."

Rigobert aliacha kuandika. Alitazama mota juu ya kioo, akalitazama bati la paa la lori lililokuwa linameremeta kwa jua, akaliwekea kiganja, akakiondoa haraka. "Na ile siku fundi muzungu alipima, kulikuwa jua?"

"Jua kali."

"Na leo jua kali." Alikuna kidevu. "Désiré! Ni we njo uko na funguo ya nyumba ya barafu?"

"Niko nayo, Papa."

"Tuletee kipande. Kikubwa kama kichwa cha mutoto."

"Juu ya sababu gani? Mota iko na homa?"

"Ile njo tunataka kujua."

Rigobert aliponda barafu ndani ya gunia kwa nyundo. Akachukua kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akaifunga mota nacho ili maji yasiingie, kisha juu ya mpira akaifunga barafu kwa kitambaa, kama mtu anavyofunga jino linalouma. Wakangoja. Maji ya barafu yalidondoka juu ya dashibodi, tone kwa tone. Désiré aliacha baiskeli yake akaja kuegemea mlango, kwa kuona tu. Nusu saa ikapita, na hakuna aliyesema kitu cha kuchekesha.

"Sasa," Rigobert alisema. "Mimina mayi, Casimir. Mi nabonyeza."

Mota ikaguna. Mkono ukapanda, ukafika nusu, ukatetemeka, ukashuka kidogo. Ukapanda tena, polepole, polepole zaidi. Ukasimama katikati ya kioo.

Casimir alishuka kutoka kwenye hatua ya lori akashika mlango. Palepale. Mahali pale pale pa Aprili. Angeweza kuchora mstari.

"Muite Patron," alisema.

Bwana Barafu alikuja na leso shingoni. Alitazama barafu, akatazama mkono uliosimama. "Tena," alisema. Rigobert aliondoa barafu, wakaiacha mota kwenye jua, na baada ya muda mkono ulifuta kama kawaida. Wakarudisha barafu. Wakangoja, bwana akiwa amesimama nao juani, jasho likimtiririka. Wakabonyeza. Ukasimama.

Mgiriki alipumua kwa pua. "Haukulala," alisema.

"Sikulala, Patron."

"Haukunywa."

"Hapana, Patron."

Casimir angependa siku iishie hapo. Alikuwa tayari anamwona Clotilde mlangoni, anaona vile atakavyomwambia. Lakini Rigobert alikuwa ameshatoa bisibisi.

"Bado," Rigobert alisema. "Tunajua inasimama. Hatujajua juu ya sababu gani. Muntu akikuambia naumwa, unamuamini, lakini bado hujamuponesha." Akamgeukia Casimir. "Kuko muntu alifunguaka hii mota?"

"Hakuna," Casimir alisema, bila kufikiri.

Misumari ya parafujo ilikuwa minne. Rigobert aliitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya gazeti kwa namna ilivyokuwa imekaa, akabandua kifuniko cha upande wa gurudumu la meno. Ndani ya kijumba kile, panapotakiwa grisi nyeusi kidogo, kulikuwa kumejaa kitu cha rangi ya chungwa, kizito kama nta. Kilikuwa kimeshika gurudumu la meno pande zote. Pale jua lilipokigusa, kilianza kulainika na kung'aa. Pale kivuli kilipobaki, kilikaa kigumu.

Rigobert alichota kwa kidole, akanusa. Harufu ilimfikia Casimir, na haikuwa harufu ya gereji. Ilikuwa harufu ya jikoni kwake.

Mawese.

Ndipo akakumbuka, kama mtu anavyokumbuka deni siku ya karamu. Ilikuwa wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Mota ilikuwa inalia, kwii, kwii, kama panya, na kelele ile ilimchosha. Alichukua chupa ya Clotilde, akatoa skrubu nne, akatia vijiko viwili. Kila mtu alifanya hivyo. Mnyororo wa baiskeli, bawaba za mlango, cherehani ya jirani, vyote vilikunywa mawese. Mota iliacha kulia siku ile ile. Alifurahi, akasahau. Hakuona kwamba alifungua mota. Aliona ameipa chakula. Hata Rigobert alipouliza sasa hivi, alijibu hakuna na moyo wake ulikuwa safi.

"Hii ni mafuta ya kula," Bwana Barafu alisema. "Nani alitiamo?"

Macho ya bwana yalizunguka uani yakatua kwenye baiskeli iliyopinduliwa kivulini. Mnyororo wake ulikuwa mwekundu, unameremeta. Kando yake kulikuwa na chupa yenye kizibo cha gunzi la mahindi.

"Désiré," bwana alisema taratibu. "Bibi yako anauzisha nini kwa soko?"

Désiré alifungua mdomo. "Patron... mawese, Patron, lakini miye..."

"Miezi sita kamiyo iko kwa mikono yako, na kabla ya pale ulikuwa unaipakia."

"Patron, haki ya Mungu! Miye natiaka kwa velo yangu tu! Mota sijaigusa hata siku moja!" Alimgeukia Casimir, na kwa mara ya kwanza neno lile lilitoka bila mzaha. "Yaya, sema!"

Casimir alitazama mikono yake. Ilikuwa rahisi sana. Asingehitaji hata kudanganya, ilitosha kunyamaza. Amekuwa akivumilia kwa miezi sita huku watu wakisema asilolifanya. Leo ingekuwa zamu ya mwingine. Na Jumatatu angepanda mbele. Aliwaza hayo yote, na yalipita upesi kuliko inavyochukua kuyasimulia. Lakini alikumbuka pia uchungu wa kusema kweli na kutoaminiwa, jinsi unavyomla mtu akiwa mezani, akiwa kanisani, akiwa kitandani. Hakutaka kumpa mwingine uchungu ule mkononi, kama kipande cha barafu.

"Patron, haiko yeye," alisema. "Ni miye. Mu mwezi wa tatu. Ilikuwa inalia, nikatia mawese ya bibi yangu. Ilisimama juu ya mawese yangu."

Rigobert aliendelea kufuta kidole chake kwa kitambaa, polepole, bila kumtazama yeyote.

"Miezi sita," Bwana Barafu alisema mwishowe, "unasema mota ilisimama. Ulikuwa unasema kweli. Na ni weye ulisimamisha."

"Njo vile, Patron."

"Samaki yangu tani mbili."

"Njo vile."

Bwana alivua kofia, akajifuta kipara, akairudisha. Akamwuliza Rigobert, "Jumatatu itakuwa tayari?" Rigobert akaitikia kwa kichwa. Bwana akaenda zake ofisini, akafunga mlango. Hakusema nani atapanda mbele.

*

"Kuja," Rigobert alimwambia Casimir. "Mikono yako njo iliharibu, mikono yako njo itatengeneza. Miye nitasema tu."

Walikaa chini, kivulini mwa lori. Casimir alikwangua mawese kwa kijiti cha mwanzi, siyo chuma, ili asikwaruze meno. Akaosha gurudumu kwa petroli na brashi ya kunyolea iliyochakaa, akalikausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Upande wa pili, wenye nyaya, Rigobert alimkataza kutia petroli. Huko kulikuwa na vipande viwili vya makaa, vidogo kama meno ya mtoto, vinavyopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka. Casimir alivifuta vikavu, akavirudisha kila kimoja mahali pake.

"Hapa usitie mafuta hata siku moja," Rigobert alisema. "Makaa na mafuta habapatani. Pale kwa ncha ya ekseli, tone moja la mafuta ya mashini. Moja, Casimir. Haiko kupika sombe."

Désiré, ambaye alikuwa amechuchumaa karibu bila kualikwa, alicheka, akajizuia, akacheka tena. Casimir naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kucheka kitu kimoja.

Kwa ajili ya gurudumu la meno, Rigobert alitoa kikopo cha grisi. Alichota kiasi cha punje ya kunde. "Kiasi hiki kinatosha. Ukijaza, mota inafanya kazi ya kusukuma grisi, siyo kufuta kioo. Na mawese, sikiliza: haiko mubaya. Iko muzuri mahali pake. Lakini kwa baridi inalala. Na ikikaa mwezi, miwili, inakuwa gundi." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Miye pia nilitiaka kwa feni ya padri mumoja. Mu mwaka wa makumi ine na tatu. Njo maana nilijua arufu."

"Yaya Rigobert! Na haukusema?"

"Haukuniuliza."

Walipofunga, waliifunga tena mota barafu, nusu saa kamili. Casimir mwenyewe alibonyeza swichi. Tak, tak, tak. Wakaongeza barafu. Tak, tak, tak. Désiré alimwaga maji kopo baada ya kopo mpaka matope yakatokea chini ya lori.

Wakati wa kuondoka Désiré alisukuma baiskeli yake kando ya Casimir hadi langoni. Alikuwa na neno, ikaonekana linamkwama.

"Yaya, miye ningenyamaza," alisema.

"Unajuaje?"

Désiré alifikiri. "Sijui. Lakini naona ningenyamaza." Akapanda baiskeli, mnyororo wake mwekundu ukizunguka, akageuka akaita kwa nguvu, "Velo yangu hailalake kwa baridi, eh! Mutaona!"

Nyumbani, Casimir alimweleza Clotilde yote, na mwisho akaongeza kwamba mawese yalitoka kwenye chupa ya jikoni kwao. Clotilde aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akasema, "Nilikuuliza kama ulilala. Unisamehe." Na Casimir akamwambia kwamba hata yeye mwenyewe, leo uani, alijiuliza.

*

Jumatatu alfajiri alipakia barafu kama kawaida. Alipomaliza, Bwana Barafu alitoka na karatasi za safari. Akampa Désiré, akasema, "Weye unaendesha." Casimir akaanza kukunja magunia. "Na weye," bwana alisema, akimnyooshea kidole, "unapanda kando yake. Mvua ikianza, anakupa usukani. Mota yako, mvua yako."

Walikwenda Kasenga na kurudi Jumanne bila tone. Alhamisi tena, mbingu ni shaba tupu. Désiré aliendesha, Casimir alikaa kando, na kwa kuwa njia ni ndefu, alianza kumwonyesha jinsi ya kusikiliza injini kabla ya kubadili gia. Ijumaa walipakia samaki Luapula, wanawake watano wenye vikapu wakapanda juu, na kabla ya kufika Kasomeno upepo ulibadilika. Ukaja na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Mbele yao barabara ikawa nyeusi kama imefunikwa kwa blanketi.

Désiré hakungoja. Alisimamisha lori, akashuka, akazunguka mbele, akamfungulia Casimir mlango. Wanawake juu wakapiga kelele, "Bashofeli, munafanya nini? Mvula inakuja, ninyi munabadilishana viti kama ku misa?"

"Mungoje, Bamama!" Désiré alijibu. "Mwenyewe wa mvula njo anapanda!"

Casimir alishika usukani. Mvua ikawapiga kwa mkupuo mmoja, na baridi ikaingia kwenye kila ufa wa mlango. Alibonyeza swichi.

Mkono ulipanda, ukashuka. Casimir hakuutazama, alitazama njia, kama dereva anavyopaswa. Lakini aliusikia. Kwa kilomita kumi aliusikia, tak, tak, akingoja lile guno. Désiré alikuwa ameinua kiganja karibu na kishikio, tayari kusaidia. Baridi ilizidi. Pumzi zao ziliweka ukungu kwenye kioo, na Désiré akaufuta kwa mkono wa shati.

Kwenye kona baada ya Kasomeno, mtaro ulipita kushoto kwao, umejaa maji mekundu yanayokimbia. Majani yalikuwa yameshaota juu ya mahali samaki walipozikwa. Casimir alipunguza mwendo, akaipita kona, akaongeza.

"Ni hapa?" Désiré aliuliza.

"Ni hapa."

Désiré alishusha kiganja chake kutoka kwenye kishikio, akakiweka magotini. Hakukiinua tena mpaka Elisabethville.

Waliingia uani mvua bado inanyesha. Bwana Barafu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi na mwavuli. Alitembea mpaka kwenye lori, akapanda hatua, akachungulia ndani kuona nani yuko nyuma ya usukani. Kisha akatazama mkono wa kioo, ukienda na kurudi, ukienda na kurudi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Désiré atajifunza kwako mpaka Noeli," alisema. "Halafu nitanunua kamiyo ya pili." Akashuka, akakumbuka kitu, akarudi. "Casimir. Ukisikia kitu kinalia tena, uniite."

"Ndiyo, Patron."

Usiku huo Casimir alifika nyumbani amelowa, na samaki watatu mkononi: mmoja wa Rigobert, wawili wa sufuria. Clotilde alimwona uso wake, hakuuliza. Alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo. Alichukua ile chupa, akaitazama, akamtazama mumewe, akamimina vijiko viwili vizima ndani ya sufuria huku akicheka.

"Hapa njo mahali pake," alisema.

Casimir alivuta kigoda karibu na moto. Nje mvua ilipiga mabati, na yeye alinyoosha mikono yake juu ya joto, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu kwamba vyote kumi vipo.